Mlango wa Wino

Katika Jumba lile hakuna aliyekuuliza wewe ni nani. Swali hilo lilikuwa la zamani, la enzi ambazo watu bado walikuwa na nyuso. Mlinzi alikutazama shingoni akasoma kibandiko chako. Akatazama kizingiti, akasoma kibandiko cha mlango. Kisha akainua macho kwenye Waraka, uliotundikwa mahali ambapo macho ya walinzi tu yalifika, aone kama majina yale mawili yameandikwa pamoja. Yakiwa pamoja, pita. Yasipokuwa pamoja, rudi ulikotoka. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema usipite. Na hapo ndipo penye ujanja wao, Pazi alipenda kusema, mdomo umempinda kama mtu aliyetafuna jani la mwarobaini: Wakubwa hawajawahi kumkataza mtu kitu. Wananyamaza tu. Na humu ndani, walichokinyamazia ndicho walichokikataza.

Pazi alikuwa MAJI. Alizaliwa MAJI, kibandiko alikikuta shingoni kabla hajaota meno. Kazi yake mtungi begani, kutoka kisimani mpaka vizingitini. Anamimina kwenye mapipa ya nje, haingii. Miaka na miaka alilinywesha Jumba zima bila kuviona vyumba vyake. Alivijua kwa kiu yao. Jiko hunywa asubuhi, kwa pupa. Kwa madobi hunywa mchana kutwa. Tiba hunywa ovyo, leo mapipa sita, kesho kikombe. Na chumba kimoja mwisho wa ukumbi, chenye mlango mwembamba uitwao Mlango wa Wino, hunywa kidogo kidogo kama mgonjwa anayelazimishwa uji.

Siku humo hazikuwa na adabu. Jumanne iliweza kuja mara mbili, na Alhamisi ikapotea watu wasiulize. Mtu aliyekufa alikuwa amekufa juzi, leo, au mwakani, kutegemea umesimama chumba gani. Ndiyo maana Pazi hakuweza kusema mkewe ana muda gani kaburini. Alijua tu kwamba kila alipoamka, mkewe alikuwa amekufa tena.

Mkewe aliitwa Mwanakheri, na alikuwa JIKO. Waliruhusiwa kuoana kwa sababu Waraka ulisema MAJI na JIKO hukutana asubuhi. Hata mapenzi yao yalikuwa na mstari wake. Mara moja Mwanakheri alikanda unga wake mwenyewe, akachoma chapati zake mwenyewe, akamfungia dada yake aliyekuwa DOBI. Mlinzi akazinyang'anya mlangoni.

"Ni zangu," Mwanakheri akasema. "Nimempa kwa hiari yangu."

"Zako, ndiyo," mlinzi akajibu, wala hakukasirika. "Kumpa ndiko si kwako."

Mwanakheri alicheka aliporudi nyumbani. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Pazi hakucheka. Alilala na maneno yale, akayageuza huku na huku kama samaki kwenye kikaango: kwamba unaweza kuwa na kitu, ukakishika, ukakipika, kikawa chako mpaka kwenye vidole, na bado aliye juu akawa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya nani akionje. Basi mwenye kitu ni nani? Na mtu je? Mtu ni wa nani? Hajasoma, Pazi, madarasa mawili na nusu, nusu yenyewe aliitumia kumfagilia mwalimu uwanja. Lakini swali halihitaji cheti.

Mkewe akaugua. Iwe Jumanne ya kwanza au ya pili, Mwanakheri aliugua, homa ikampanda mpaka macho yakawa ya kioo. Pazi hakungoja. Alimbeba mgongoni, mtungi akautupa, akaupita ukumbi mbio, akaingia naye moja kwa moja Tiba, na mlinzi wa pale hakumzuia. Pazi, mtu aliyeshuku hata kivuli chake kwamba kinamtangulia kwenda kumsemea, jambo lile hakulishuku. Alisema ni huruma. Alisema, kumbe na mlinzi ana mama.

Akamlaza kitandani. Tabibu akaja, jina lake Mshindo, mtu mrefu mwenye mikono safi kuliko roho za watu wengi. Akasimama umbali wa shubiri moja kutoka kwa mgonjwa. Dawa ilikuwa ndani ya kikombe, juu ya meza kando ya kitanda. Na tabibu hakusogea.

"Umembeba," akasema.

"Nimembeba, bwana. Ningembururaje?"

"Ungemweka kizingitini. Karani akambandua JIKO, akambandika TIBA, ndipo aingie. Kitu kikibebwa, ndugu yangu, hubaki na jina la kilikotoka. Mkeo amelala Tiba, lakini yeye bado ni JIKO. Mimi mkono wangu haushiki kitu cha JIKO."

"Basi mbandike!"

"Kubandika ni kwa karani."

Na karani alikuwa amekwenda kula. Mwanakheri akafa kabla karani hajanawa mikono.

Baadaye, msibani, tabibu Mshindo alikuja kutoa pole kama watu wote. Akamshika Pazi bega akamwambia kwa sauti ya chini: "Mkono wangu ulikataliwa, bwana. Mungu shahidi. Niliunyoosha, ukakataliwa."

Hapo ndipo shaka ilipoingia, ikakaa, ikavua viatu.

Kwa sababu Pazi hakukumbuka kuuona mkono ule ukinyooshwa. Alikumbuka mikono imefungwa nyuma. Au ilikuwa mbele? Kumbukumbu ya mtu aliyefiwa ni kama kioo cha kinyozi, kila aliyekaa mbele yake hujiona. Tabibu anasema alinyoosha. Kama alinyoosha akakataliwa, basi aliyemuua Mwanakheri ni Waraka, na nyuma ya Waraka ni Wakubwa, na Pazi atawachukia mpaka mifupa yake iwe chokaa. Kama hakunyoosha, tabibu ni mwongo na muuaji, na mwongo aliye karibu ni rahisi kumfikia kuliko Mkubwa aliye mbali. Ni lazima ajue. Hakuna kingine alichokitaka duniani. Chakula kilikuwa majani. Usingizi ulikuwa kazi. Mkono ulinyooshwa au haukunyooshwa?

Watu waliketi naye mkekani. Aliwatazama mmoja mmoja. Huyu analia sana, analilia nini? Yule halii, anajua nini? Jirani aliyeleta uji aliulizwa nani kamtuma.

Mara nyingine alisema peke yake, mtungi begani, kando ya ukuta:

Walituandika. Nani alikuwapo walipokuwa wakiandika? Mimi sikuitwa. Mke wangu hakuitwa. Karani, aliitwa? Labda hata wao hawakuitwa. Labda Waraka ulijiandika, ukawakuta wamekaa juu, ukasema, ninyi ndio Wakubwa wangu. Nani kaona uso wa Mkubwa? Mimi nimeona mapipa. Nimeona vizingiti. Mtu anayekunyima maji unamwona. Anayekunyima mstari humwoni.

Mlango wa Wino ulilindwa na Kondo. Huyu alikuwa mtani wake, utani wa mababu, ule unaomruhusu mtu kuja kwenye matanga yako akakuvua kofia na kuuliza urithi uko wapi. Kondo alikuwa na tumbo la kukaa na sauti ya kusimama.

"Hujafa tu?" Kondo akamwita kabla hajatua mtungi. Ilikuwa asubuhi, ukumbi umejaa mwanga usiojulikana unakotokea.

"Nikifa nani atakuletea maji ya kunawa huo uso? Ingawa naona hata yakiwapo huyatumii."

"Mwanakheri alikuwa na akili. Kakuangalia, kakuangalia, kaona bora kaburi."

Mtu mwingine angesema hivyo, angeondoka na meno mkononi. Pazi aliketi chini, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kitu kifuani kililegea kidogo.

"Mtani," akasema. "Ndani humo mna nini?"

Kondo akatazama huku na huku. "Kitabu."

"Cha nini?"

"Cha mikono. Kila mkono uliokataliwa humu Jumbani, mstari wake umo. Nani, kibandiko gani, alitaka kitu gani, siku gani. Mlinzi akikataa anaandika kijikaratasi, jioni vinaletwa hapa."

"Na mkono usiokataliwa?"

"Haumo. Nani ataandika mambo yaliyokwenda sawa? Karatasi ingetoka wapi?"

Pazi akautazama mlango. Kama mkono wa tabibu ulikataliwa, mstari wake umo. Kama haumo, haukunyooshwa.

"Nifungulie."

"Wewe MAJI. Kizingiti hiki ni KUMBUKUMBU, na MAJI na KUMBUKUMBU hamjaandikwa pamoja."

"Kondo, mimi mtani wako."

"Mtani ni mtani, mlango ni mlango. Hata ungekuwa baba yangu mzazi. Hata mimi mwenyewe sijawahi kuingia, na nimekaa hapa miaka kumi na tisa, tumbo lote hili limeotea hapa." Akajikuna kidevu. "Ila mstari upo mmoja."

"Upi?"

"MAJI akiingia kwa Mlango wa Wino na mtungi umejaa, anakuwa WINO. Mchanganya wino wao amekufa. Wanahitaji mwingine. Ukivuka kizingiti hiki, kile kibandiko kinakutoka, kingine kinakushika. Utakaa humo na vyungu."

"Na WINO akitaka kurudi kuwa MAJI?"

"Hakuna mstari huo."

"Umeutafuta?"

"Mtani, nimeusoma Waraka ule miaka kumi na tisa. Sina kingine cha kusoma."

Pazi alimtazama vizuri. Njia ikiwa safi sana, muulize aliyeifagia. "Kwa nini unaniambia leo? Nani kakutuma?"

"Umeanza."

"Mchanganya wino kafa lini? Mbona sikusikia kilio?"

"WINO halii mtu. Huku nje hakuna anayemjua." Kondo alishusha sauti, na utani wote ulikuwa umemtoka, uso wake ulionekana mzee, kama nyumba iliyotolewa samani. "Nakuambia kwa sababu umeniuliza, na sijui kumdanganya mtu niliyemzoea. Lakini sikiliza. Usiingie. Mlaumu tabibu, au mlaumu karani, au tuseme mimi, mimi nimezoea. Mtu akiwa na wa kumlaumu hulala. Sisi walinzi tunajua mambo."

"Mambo gani?"

"Tunayokatazwa kusema."

Kama alitaka kumzuia, alikosea njia. Kumwambia Pazi kuna siri ni kumwambia mbwa kuna mfupa. Alinyanyuka, akaenda kisimani, akajaza mtungi mpaka maji yakaning'inia mdomoni, akarudi. Kondo hakumtazama. Alisoma shingo, akasoma kizingiti, akainua macho juu.

"MAJI, na mtungi umejaa," akasema kwa sauti ya kazi. Kisha, polepole: "Kwaheri, mtani. Deni la kukuzika umenikosesha."

Pazi akavuka.

Haikuuma. Ilikuwa kama kutoka juani na kuingia kivulini: mwili uleule, lakini rangi yake imepungua. Alisikia kitu kinambanduka shingoni. Akalitafuta neno *kisima* kichwani mwake, akalipata, lakini lilikuwa kavu. Bega lililobeba mtungi miaka yote lilikuwa bega la mtu fulani. Hofu ikamshika, si ya kufungiwa, bali hii: je, aliyeingia ndiye aliyetaka kujua? WINO ana mke gani aliyekufa? Kama mimi si yule, nitakalolisoma litamuuma nani? Akalisema jina lake kwa nguvu, Mwanakheri, Mwanakheri, kama mtu anayepuliza makaa. Likawaka. Hafifu, lakini likawaka. Akajua kwamba kuna kitu kimoja Waraka haukukifikia, au umekiacha kwa makusudi.

Chumba kilikuwa kirefu, na Kitabu kilikuwa kirefu kama chumba. Mbele yake aliketi mwanamke mzee, mikono myeusi kuanzia vidoleni mpaka viwikoni.

"Karibu, WINO. Mimi Bi Kazija."

"Naitwa Pazi, mama."

"Wote huniambia majina yao siku ya kwanza." Hakusema kwa ubaya. "Weka mtungi pale. Masizi yapo kwenye kibuyu."

"Mama, nimekuja kwa ajili ya mstari mmoja. Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Nakuomba unisomee."

Alidhani atakataliwa. Bi Kazija aliinua mabega. "Aliye ndani ni ndani. Wewe hutoki, mimi sitoki. Utakalolisikia utampelekea nani? Siku gani?"

Pazi hakuijua siku. Akasema: siku mke wangu alipokufa Tiba, karani akiwa amekwenda kula. Bi Kazija akaanza kufunua kurasa, na kila ukurasa ulitoa sauti ya mtu anayevuta pumzi. Jiko, mikono mia. Madobi, mikono mia mbili. Halafu kidole cheusi kikasimama.

"Tiba. Mistari miwili tu siku hiyo." Akasoma: "*Pazi, MAJI. Mlango wa Tiba, kuingia. Haikuruhusiwa.*"

"Mbona niliingia?"

"Uliingia, ndiyo. Kuna kiduara pembeni."

"Kiduara ni nini?"

Bi Kazija akafuta kidole kwenye kanga, kikabaki cheusi vilevile. "Wakubwa wakitaka kuandika Waraka mpya, huujaribu kwanza. Walinzi huambiwa: leo andikeni, msizuie. Mlango unabaki na sura yake, mlinzi anabaki na uso wake wa kuudhi, lakini mtu akisukuma, anapita. Mkono ukinyooshwa, unafika. Kiduara maana yake: tungemkataa, tumemwacha."

"Siku ile?"

"Kutwa nzima. Jumba lote."

"Na hawakutangaza!"

"Wakitangaza, watajuaje mnafanya nini mkiwa mnaogopa?"

Pazi akashika ukingo wa meza. Si huruma, basi. Mlinzi hakuwa na mama wala nini. Alikuwa ameambiwa. Lakini chini ya hasira ile ilikuwa inapanda nyingine, tamu zaidi, akaikimbilia. "Tabibu. Tabibu Mshindo. Nisomee mkono wake."

"Nimekwambia mistari ni miwili."

"Wa pili ndio huo?"

"Si huo."

"Angalia tena!"

Akaangalia tena. Akaangalia mara ya tatu, kwa heshima ya msiba. Mkono wa tabibu haukuwamo. Haukukataliwa, haukuachwa, haukunyooshwa.

"Mwongo!" Pazi alipiga meza mpaka vyungu vikalia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Nilijua! Mwongo mkubwa! Mungu shahidi, eti! Alisimama na mikono yake safi, milango yote iko wazi, akasimama! Nilijua, mama, mimi nilijua!" Alizunguka chumba kizima. Alikuwa amempata. Kwa muda kidogo, muda wa pumzi tatu au nne, alikuwa mtu mwenye raha.

Bi Kazija alimngoja amalize. Alikuwa amezoea watu wa siku ya kwanza.

"Umebaki huu wa pili," akasema. "Nisome, nisisome?"

"Soma."

"*Mwanakheri, JIKO. Kikombe cha dawa cha Tiba, kukichukua. Haikuruhusiwa.* Kina kiduara." Akarudia kwa macho, midomo ikicheza. Akainua kichwa, na aliuliza bila hila yoyote, kama mtu anayeuliza njia: "Kumbe alinyoosha mkono mwenyewe. Na ulikuwa unafika. Mbona hakukichukua?"

Pazi alisimama katikati ya chumba.

Alikiona kitanda. Aliuona mkono ukitoka chini ya shuka, mwembamba, una alama ya moto wa jiko kwenye kiganja, unakwenda polepole kuelekea mezani. Na aliuona mkono mwingine ukiupokea njiani. Si wa mlinzi. Mlinzi alikuwa kule mlangoni, anaandika. Mkono huo ulikuwa na sugu za mtungi. Uliushika ule mwembamba kwa upole, upole mwingi, ukaurudisha kifuani, ukaulaza, ukaukandamiza pale. Na sauti ikasema karibu na sikio lake: Tulia, mke wangu. Kile si chetu. Utatuletea balaa.

Mwanakheri alimtazama. Hakucheka. Mkono wake ulisukuma kidogo chini ya ule mkono mzito, mara moja, halafu mara ya pili, halafu basi.

Pazi alijaribu kuwatafuta Wakubwa. Walikuwapo: walioandika Waraka, waliofungua milango kimya kimya ili wachungulie, waliomlea mtu tangu kabla ya meno mpaka akawa hahitaji tena kuzuiwa. Aliwatukana wote, tusi kwa tusi, na kila tusi lilikuwa la haki. Matusi yalipokwisha, mkono ulikuwa bado juu ya mkono.

Alirudi mezani, akaketi mbele ya Kitabu.

"Mama. Futa hicho kiduara."

"Kipi?"

"Cha mke wangu. Kinasema aliachwa. Hakuachwa."

Bi Kazija akaulainisha ukurasa kwa kiganja. Kisha akavuta chungu cha wino, akachovya kalamu. "Nikikifuta ni lazima niandike mlinzi aliyekataa. Mkono haukataliwi bila mtu."

"Andika."

"Jina?"

"Pazi."

Kalamu ilikwaruza. "Kibandiko? MAJI au WINO?"

Alipeleka mkono shingoni, akakipapasa kile kipya, akakiacha.

"Mume," akasema. "Andika MUME."